Safari humjenga mtu kweli, au humpa picha tu?

Mtembezi:

Ndugu zangu, nina swali linalonisumbua tangu niliporudi kutoka safari yangu ya mwisho, na nitashukuru nikijibiwa na watu waliokaa ugenini muda mrefu kuliko mimi. Katika miaka sita iliyopita nimefika nchi saba, zote kwa likizo fupi za wiki moja au siku kumi, na kila nilipofunga begi niliamini lile tunaloambiwa tangu utotoni, kwamba kutembea kwingi ni kuona mengi. Kuona nimeona. Lakini wiki mbili zilizopita mwenzangu wa kazini aliniuliza swali jepesi kabisa: watu wa huko ulikotoka wanachekeshwa na nini, na wakigombana huwa wanagombania nini? Nilifungua mdomo, nikajikuta ninamweleza habari za majengo.

Baada ya hapo nilikaa nikajichunguza, nikagundua jambo lililonitia aibu. Yale niliyoyaamini kuhusu wenyeji kabla ya kupanda ndege ndiyo hayo hayo niliyorudi nayo, tena yakiwa na nguvu zaidi, kwa sababu sasa ninaweza kumnyamazisha mtu yeyote kwa kusema kwamba mimi nimefika na nimejionea. Foleni moja iliyovurugika ilinithibitishia kwamba watu wale hawana utaratibu; mhudumu mmoja aliyenijibu kwa mkato alinithibitishia kwamba hawapendi wageni. Nyumbani pia foleni huvurugika na wahudumu hujibu kwa mkato, lakini sijawahi kulihukumu taifa zima kwa ajili hiyo.

Kwa hiyo ninauliza mambo mawili. Kwanza, je, ni kweli kwamba safari humkuza mtu na kumfundisha kuheshimu tamaduni za wengine, au wenye moyo huo tayari ndio wanaopenda kusafiri, kisha sifa ikaiangukia safari? Pili, kama safari inaweza kufanya kazi hiyo, mimi nimekosea wapi? Nimebakiza siku kumi na nne za likizo mwaka huu, na nisingependa kuzitumia kuongeza picha kwenye simu.

Mkalimani:

Ndugu Mtembezi, pole kwa aibu hiyo, ingawa kwa maoni yangu aibu yenyewe ni dalili njema. Nimeishi ugenini miaka minane kwa kazi ya ukalimani, katika nchi mbili, na kabla ya hapo nilikuwa mtalii kama wewe, hivyo nimeyaonja yote mawili.

Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengi huutumia msemo huo kumsengenya mgeni aliyezidisha kukaa, lakini mimi siku hizi nausikia kwa sikio la mgeni mwenyewe. Katika zile siku mbili za mwanzo mgeni hajui lolote kuhusu nyumba aliyofikia: anaiona sebule, anaziona nyuso zilizokunjuliwa kwa ajili yake, anapewa kilicho bora. Akishapewa jembe ndipo anapojua nani huamka kabla ya wengine, nani anamkwepa nani, ardhi yao ni ngumu kiasi gani, na yeye mwenyewe ni mvivu kiasi gani. Safari zako saba, uniwie radhi, zote ziliishia siku ya pili. Ulikuwa mgeni wa kulipa, na mgeni wa kulipa hapewi jembe hata akikaa mwezi mzima.

Nikupe mfano wangu. Katika mwezi wangu wa kwanza ugenini nilipotea ndani ya kituo cha mabasi cha mji ambao maandishi yake sikuweza kuyasoma hata herufi moja. Mimi, mtu mwenye shahada mbili, nilisimama mbele ya ubao wa ratiba kama mtoto wa chekechea, simu imezima, watu wananipita pande zote. Mtoto wa kike wa miaka tisa hivi, amevaa sare ya shule, alinitazama kwa muda, akanivuta mkono wa shati, akachomoa kalamu na kuniandikia namba ya basi kwenye kiganja. Kisha akaninyoshea vidole vinne: vituo vinne. Ndani ya basi mama mmoja wa makamo aliyekuwa ameliona tukio lote aliketi jirani yangu, na kila tulipopita kituo alikishika kidole changu kimoja akakikunja, bila kusema neno, mpaka kikabaki kidole gumba peke yake na yeye akanionyesha mlango. Jioni ile niliwakumbuka wageni wote niliowahi kuwaona wakihangaika katika mji niliokulia, ambao niliwaona wajinga kwa sababu tu hawakuijua lugha yangu.

Mfano mkubwa kuliko huo ni wa Malcolm X, yule Mwislamu wa Marekani aliyepigania haki za watu weusi. Watu huikumbuka Hija yake ya Aprili 1964 na kusahau kwamba alikuwa ameshafika Misri, Sudan na Saudi Arabia mwaka 1959. Safari ile ya kwanza alikwenda kama mjumbe wa kiongozi wake, Elijah Muhammad wa kundi la Nation of Islam, na aliporudi Marekani aliendelea kuhubiri yale yale kuhusu uovu wa watu weupe. Mwaka 1964 alizuiliwa Jeddah, kwa kuwa alikuwa na pasipoti ya Marekani na ilibidi Uislamu wake uthibitishwe. Hakuyajua vizuri maneno ya sala wala namna ya kuketi, na mtu huyo aliyekuwa akitikisa majukwaa akafundishwa kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Baada ya siku chache za kula sahani moja na kulala pamoja na mahujaji wa rangi zote, aliandika barua kueleza kwamba imemlazimu kuyapanga upya mengi aliyokuwa akiyaamini. Mtu ni yule yule, na eneo karibu ni lile lile. Mara ya kwanza alikwenda kuwakilisha. Mara ya pili alikwenda akiwa hajui.

Mwalimu Mstaafu:

Wanangu, nimeusoma mjadala huu kwa furaha. Nilifundisha saikolojia ya jamii kwa miaka mingi, na siwezi kuliacha swali la kwanza la Mtembezi lipite hivi hivi, kwa sababu ndilo gumu na ndilo ambalo watu hulikwepa. Mkalimani ametupa mfano mzuri, lakini Malcolm X alikuwa amejitoa katika kundi lake Machi 1964, mwezi mmoja tu kabla ya Hija, na mtu anayetafuta njia mpya anaweza kuipata hata asipovuka bahari. Ukitaka kujua kama dawa inatibu, haitoshi kuwauliza waliojipeleka wenyewe hospitali.

Upo utafiti mmoja uliolikabili tatizo hilo kwa namna ninayoipenda sana. Nchini Pakistani, wakati wa utafiti huo, waombaji wa nafasi za Hija zilizosimamiwa na serikali walizidi nafasi zilizokuwapo, hivyo ilipigwa kura. Wachumi David Clingingsmith, Asim Khwaja na Michael Kremer waliwahoji watu zaidi ya 1,600 walioomba kwenda Hija ya mwaka 2006, walioshinda kura na walioikosa, miezi kadhaa baada ya mahujaji kurejea, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Makundi yote mawili yalitamani kwenda. Kilichowatenganisha ni kura. Waliokwenda walionekana kuamini zaidi katika usawa na maelewano kati ya makabila na madhehebu, waliunga mkono zaidi elimu na ajira za wanawake, na mtazamo wao kwa wasio Waislamu ulikuwa wa amani zaidi, ingawa hawakukutana nao huko. Hilo la mwisho ndilo lililonishangaza. Heshima iliyojengwa kwa watu waliokutana nao iliwafikia hata wale ambao hawakuwaona.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza, mwanangu, ni kwamba safari inaweza kumbadilisha mtu, na ushahidi upo usiotegemea sifa za wasafiri wenyewe. Lakini tazama ni safari ya namna gani. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Gordon Allport, alieleza kwamba kukutana kwa watu wa makundi tofauti hupunguza chuki pale wanapokuwa na hadhi sawa, wana lengo moja, wanalitafuta kwa kushirikiana, na mamlaka au desturi inayotambuliwa na wote inaunga mkono mkutano huo. Hija inayo yote manne: wanaume wote wamejifunga nguo ile ile nyeupe isiyoshonwa, wanazunguka pamoja, wanachoka pamoja, na dini yao inawaamuru wawe hivyo. Sasa linganisha na mtalii mbele ya mhudumu wake, ambapo mmoja ameketi na mwingine amesimama na sinia, mmoja yuko kazini na mwingine yuko mapumzikoni, na mazungumzo yote yamebanwa katika kuagiza na kushukuru. Hapo hata mtu mwema atajifunza kidogo sana.

Nisikukatishe tamaa, hata hivyo. Thomas Pettigrew na Linda Tropp walikusanya tafiti 515 na kuzichambua kwa pamoja mwaka 2006, wakaona kwamba kwa kawaida kukutana kunapunguza chuki hata pale masharti ya Allport yasipotimia yote, ingawa yakitimia mafanikio huwa makubwa zaidi. Safari zako saba huenda hazikupotea bure kama unavyodhani.

Mwenyeji:

Shikamoo mwalimu, na salamu kwa wote. Mimi ni mwongoza wageni kwa mwaka wa kumi na tano sasa, na sijasafiri mbali; wasafiri ndio wanaonijia. Ninaomba niseme kidogo kutoka upande wa pili, kwa sababu katika mijadala ya namna hii mgeni huzungumzwa sana na mwenyeji hugeuzwa kuwa somo lake.

Siku moja tulipita karibu na nyumba ambapo mama mmoja alikuwa akianua nguo kabla ya mvua. Mgeni wangu aliinua kamera. Mama akageuka akampa mgongo, na yule mgeni, mtu mstaarabu kwa maneno yake yote, akazunguka upande wa pili wa kamba ili aupate uso. Hakuwa na nia mbaya. Kwake yeye, mama yule alikuwa sehemu ya mandhari, kama mti au mawingu, na mandhari haina haki ya kukataa. Mwezi uliofuata nilipita hapo hapo na mgeni mwingine. Upepo ulikuwa mkali na shuka mbili zikaruka njiani. Aliweka begi chini, akazikimbilia, akazikung'uta vumbi na kumrudishia yule yule mama, wakacheka wote wawili bila kuwa na neno hata moja la pamoja. Kisha akaonyesha kamera kwa ishara ya kuomba. Mama akatikisa kichwa kukataa. Mgeni akairudisha mfukoni, akaendelea kutabasamu kama mwanzo, na huko kuendelea kutabasamu ndiko kulikonigusa, maana wengi wakikataliwa hununa na kuona kwamba ukarimu umepungua.

Jambo jingine dogo. Wageni wengi huniuliza, "Watu wa hapa wanafikiri nini kuhusu jambo fulani?" kana kwamba juzi tuliitisha mkutano tukapiga kura. Mgeni aliyekwisha kukua huniuliza mimi ninafikiri nini, halafu kesho anamwuliza dereva, na hashangai tukipingana.

Mdadisi:

Nimevutiwa na michango yote, lakini nina mashaka mawili ambayo ningependa wenzangu wayajibu.

La kwanza ni kuhusu muda na jembe. Ibn Battuta, msafiri na msomi wa sheria za Kiislamu, aliondoka kwao Tanja, Moroko, mwaka 1325 akiwa na miaka ishirini na moja na akazunguka dunia kwa karibu miaka thelathini, akafika hadi Kilwa mwaka 1331. Visiwani Maldivi alipewa jembe kubwa kuliko yote, akafanywa kadhi, na bado alitumia cheo hicho kujaribu kuwalazimisha wanawake wavae kama alivyotaka yeye, na kwa kukiri kwake mwenyewe hakufaulu. Alipofika Mali mwaka 1352 aliicheka zawadi ya kukaribishwa aliyopewa na mfalme kwa kuwa aliiona ndogo, ingawa, kwa haki, aliwasifu watu wa huko kwa kuchukia dhuluma na kwa usalama wa njia zao. Ikiwa miaka yote hiyo haikumwondolea kiburi, tunatarajia nini kwa siku kumi na nne? Na tena, je, heshima ina maana kwamba mtu akubali kila anachokiona? Tunaambiwa ukienda kwa wenye chongo nawe vunja lako jicho, lakini mimi ninalipenda jicho langu.

La pili ni kwamba mjadala huu unawasahau watu wengi ambao hawatasafiri kamwe, kwa kukosa fedha, afya au viza. Nisingependa heshima igeuzwe kuwa mali ya wenye tiketi. Katika karibu kila mji mkubwa wapo wahamiaji wanaoishi mtaa wa pili, na anayewapita kila siku bila kujua majina yao hatakuwa mtu mwingine kwa sababu amepanda ndege.

Mkalimani:

Ndugu Mdadisi, kwa hoja yako ya pili ninakubaliana nawe bila sharti. Jirani mhamiaji anaweza kukupa jembe bila pasipoti, na mara nyingi yeye ndiye anayelihitaji zaidi likubaliwe.

Kuhusu Ibn Battuta, nafikiri umenisaidia bila kukusudia. Karibu kila alikokwenda katika nchi za Kiislamu elimu yake ya sheria ilimtangulia, Kiarabu chake kikamfungulia milango ya watawala, na alihukumu watu badala ya kujifunza kwao. Ukadhi ni fimbo; mwenye fimbo halimi. Mlinganishe na Selim bin Abakari, mzaliwa wa Ngazija, Komoro, aliyefika Urusi na Siberia mwaka 1896 akiwa mtumishi wa bwana wa Kijerumani, na ambaye masimulizi yake kwa Kiswahili yalichapishwa mwaka 1901. Mtumishi analazimika kutazama kwa makini jinsi mambo yanavyofanyika, kwa sababu yeye ndiye atakayeambiwa ayafanye.

Kuhusu jicho lako, huna haja ya kulivunja. Al-Biruni, mwanazuoni wa Kiislamu, aliingia India nyuma ya majeshi ya sultani Mahmud wa Ghazni, mahali pabaya kabisa pa kuanzia urafiki, lakini alijifunza Kisanskriti, akakaa na wanazuoni wa Kihindu, na kitabu alichokikamilisha mnamo mwaka 1030 kinayaeleza mafundisho yao kwa maneno yao wenyewe bila kukimbilia kuyapinga. Hakuacha Uislamu wake, na hakuficha pale alipotofautiana nao. Mimi katika kazi yangu ninakitumia kipimo hicho hicho: kabla ya kusema sikubaliani na mtu, je, ninaweza kuieleza hoja yake mpaka yeye mwenyewe aseme ndiyo, hicho ndicho nilichokisema? Ukalimani umenifundisha kwamba mara nyingi siwezi, na kwamba kosa huwa langu.

Mtembezi, nikutahadharishe na jambo moja. Ukianza kukaa vizuri mahali pamoja, utafika wakati utauchukia mji wote. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg aliandika mwaka 1960 kuhusu mshtuko wa utamaduni, akieleza kwamba mgeni huanza na furaha kama ya fungate, kisha huingia katika kipindi cha hasira na lawama, ambapo hujificha kwa watu wa kwao na kuwasema wenyeji, kabla hajaanza kupata nafuu. Safari zako fupi zilikurudisha nyumbani ungali kwenye fungate, au pale hasira ilipoanza, ukaibeba hiyo hasira kama maarifa. Ile foleni na yule mhudumu ninawajua. Mimi pia nilikuwa nao. Mwezi wa tano tangu nifike niligundua kwamba foleni ilikuwa na utaratibu wake, ambao sikuwa nimeuona kwa sababu haukuwa mstari: kila aliyefika aliuliza nani wa mwisho, akamkariri kwa uso, kisha akaenda kuketi popote.

Mtembezi:

Mwalimu, shikamoo, na nawashukuru wote. Nimekuwa nikiusoma mjadala huu kila jioni, na ile foleni ya Mkalimani imenikera kwa namna nzuri, kwa sababu sasa ninakumbuka kwamba watu waliponijia mlangoni waliniuliza kitu, nikatikisa kichwa na kwenda mbele. Huenda mimi ndiye niliyeivuruga.

Ratiba yangu ilikuwa na miji mitano kwa siku kumi na nne. Nimeifuta minne. Nimejiandikisha katika darasa la lugha la asubuhi, ambalo mwalimu wake ameniandikia kwamba wanafunzi huombwa kusaidia kupanga viti na kufagia kabla ya somo, na kwa mara ya kwanza sentensi ya namna hiyo haikunikwaza. Kamera nitaibeba, lakini nitajifunza kwanza kuomba kwa lugha yao, na kulielewa neno lao la kukataa likitamkwa kwa upole. Herufi zao nimeanza kuzifanyia mazoezi usiku. Kufikia leo nimeweza kumi na moja.

Swali moja limebaki kwa Mwenyeji: wewe ungependa mgeni ajue nini zaidi kabla hajafika?

Mwenyeji:

Namba. Basi halitakusubiri umalize herufi.